Kutoka Jangwani hadi Msimbazi: Nani Anastahili Kuitwa Msaliti?

Agosti 2020 nilikuwa nyumbani Katandala, Sumbawanga, nikinywa kahawa kijiweni asubuhi yenye baridi. Mjadala ulikuwa mmoja tu. Simba ilikuwa imemtangaza Bernard Morrison, winga raia wa Ghana, kutoka Yanga. Miezi mitano kabla, tarehe 8 Machi, winga huyo huyo alikuwa amepiga mpira wa adhabu uliozaa bao pekee la mchezo, Yanga ikaifunga Simba 1-0. Sasa angevaa jezi nyekundu.

Mzee mmoja, mwanachama wa Simba tangu ujana wake, alitikisa kichwa. "Mwalimu," aliniambia, "aliyemsaliti jirani yangu leo, kesho atanisaliti mimi." Kijana wa bodaboda, Yanga wa kuzaliwa, alidakia: "Shikamoo mzee. Mchukueni. Mkataa kwao mtumwa." Watu hao wawili hawajawahi kukubaliana hata kuhusu mwamuzi, lakini asubuhi ile walikubaliana: huyu ni msaliti. Hakuna aliyeuliza mkataba wake ulisema nini.

Nimeishi na swali hilo ambalo halikuulizwa. Hukumu ya mashabiki dhidi ya mchezaji aliyevuka upande ina historia ndefu, na historia hiyo inatueleza mengi kuhusu namna tunavyoelewa uaminifu, kazi na ahadi katika nchi yetu, hata nje ya uwanja.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake wakajitenga na kuunda timu yao, iliyopita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Kwa maneno mengine, utani huu wa jadi ulizaliwa na tendo la kuhama. Wazee wa Msimbazi wanaomkataa mchezaji kwa sababu "ametoka kule" ni warithi wa watu waliotoka kule kule. Nao Yanga hawakubaki salama: mgogoro wa miaka ya 1970 uliwagawa tena, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African. Kuhama ni sehemu ya nasaba ya klabu hizi zote.

Hata hivyo, hasira ya shabiki wa zamani ilikuwa na mantiki yake. Katika enzi za soka la ridhaa mchezaji alikuwa mwanachama kabla ya kuwa mwajiriwa. Mshahara wake mara nyingi ulitoka bandarini, reli, kiwandani au katika shirika la umma. Klabu ilimpa jina, ndugu na heshima mtaani, na pengine ndiyo iliyomtafutia hiyo kazi. Deni lake kwa klabu halikuandikwa popote, kwa hiyo halikuwa na tarehe ya kwisha. Aliyeondoka alikuwa kama mtoto aliyehama ukoo. Neno "msaliti" lilitoka katika ulimwengu huo, nalo lilikuwa na maana.

Ulimwengu huo ulipokwisha, neno lilibaki. Tazama safari ya Mrisho Ngassa, mmoja wa mawinga hodari zaidi kuwahi kutokea nchini, aliyefika hadi kufanya majaribio West Ham United mwaka 2009. Mwaka 2010 alitoka Yanga kwenda Azam, mwaka 2012 akaenda Simba, mwaka 2013 akarudi Yanga. Aliporudi, TFF ilimfungia mechi sita na kumtaka airejeshee Simba shilingi milioni 45, kwa kuwa alikuwa amesaini pande zote mbili. Kosa lake halisi lilikuwa saini ya pili juu ya saini ya kwanza. Kijiweni, hata hivyo, watu walijadili moyo wake: je, anaipenda Yanga au anaipenda Simba? Suala la karatasi lilionekana dogo.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Yanga ilimsajili Emmanuel Okwi wa Uganda. Huyu ndiye aliyekuwa amefunga mabao mawili Simba ilipoikandamiza Yanga 5-0 tarehe 6 Mei 2012. Waliolia kwa sababu yake waliambiwa wamshangilie, nao wakamshangilia, mpaka aliporudi Simba mwaka 2014 wakamrudishia jina lake la zamani. Hukumu ya jukwaa haina kumbukumbu ndefu. Ina kanuni moja tu: aliye kwetu ni shujaa, aliyeondoka ni msaliti.

Shauri la Morrison ndilo lililoiweka kanuni hiyo mezani mbele ya sheria. Yanga ilidai kwamba mchezaji alikuwa ameongeza mkataba wa miaka miwili. Mchezaji alidai kwamba mkataba wake ulikuwa wa miezi sita, nao umekwisha. Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ya TFF iliona kasoro katika mkataba uliobishaniwa, ikaamua kwamba mchezaji ni huru. Yanga ikaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo nchini Uswisi, na Novemba 2021 ikashindwa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, jambo ambalo Katandala tulilihukumu kwa kikombe kimoja cha kahawa lilikuwa likichunguzwa na wanasheria, na swali lao lilikuwa lile ambalo sisi hatukuliuliza.

Kisha likaja la kuchekesha. Mwaka 2022 Simba iliachana naye, na Yanga ile ile iliyomshitaki ikamsajili upya. Tarehe 10 Mei 2023, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Marumo Gallants, Yanga ilishinda 2-0 na bao la pili lilifungwa na Morrison. Nchi nzima upande wa kijani iliruka. Sikumsikia mtu akimwita mtumwa usiku ule.

Sisemi kwamba mashabiki ni wanafiki. Shabiki ananunua jezi, analipa kiingilio cha kibanda umiza, anatukanwa Utopolo au Kolo kila Jumatatu kazini, na hana njia ya kuuona mkataba hata mmoja. Klabu inamhitaji kwa sauti yake na fedha yake, lakini nyaraka zinabaki kabatini. Mtu aliyenyimwa ushahidi hana budi kuhukumu kwa hisia. Lawama ya kwanza iwaendee viongozi wanaoficha masharti kisha wakamwachia mchezaji abebe hasira ya umma.

Ufipa ina jambo la kutufundisha hapa. Masimulizi ya asili, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyachambua kwa kina, yanasema kwamba wanawake watatu wageni walifika Milansi mfalme akiwa hayupo, wakakikalia kiti chake. Mfalme aliporudi, mambo hayakuishia katika kumwaga damu. Yalifanyika mapatano: ukoo wa wageni, Watwa, ukachukua utawala, na ukoo wa Milansi ukabaki na mamlaka ya ibada juu ya ardhi. Baadaye Watwa wenyewe waligawanyika katika falme mbili hasimu, Nkansi na Lyangalile, na wilaya ya Nkasi ingali na jina la mmojawapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini masimulizi yetu yanaongeza sharti: mgeni aje, na masharti ya kuja kwake yajulikane kwa wote. Hawakumuuliza mgeni moyo wake uko wapi. Walikubaliana nani atashika nini.

Hapa ndipo soka linapogusa siasa. Winga ambaye mkataba wake umekwisha hadaiwi kitu. Amecheza, amelipwa, anaondoka. Mbunge anayechaguliwa kwa miaka mitano ana mkataba na wapiga kura wake, na Katiba yetu, ibara ya 71, inamvua ubunge akikihama chama kilichompeleka bungeni. Baada ya uchaguzi wa 2015 tuliona wabunge na madiwani wakijiuzulu katikati ya kipindi, wakihamia chama kingine na kugombea kiti kile kile, kama ilivyokuwa Kinondoni, ambapo uchaguzi mdogo wa Februari 2018 ulimrudisha bungeni mbunge yule yule akiwa na rangi nyingine. Gharama ya kurudia uchaguzi ililipwa na umma. Edward Lowassa alitoka CCM kwenda CHADEMA mwaka 2015 na kurudi CCM mwaka 2019, na kila alipovuka, waliomshutumu jana walimshangilia leo. Ni kanuni ile ile ya jukwaani: aliye kwetu ni shujaa.

Mtu ana haki ya kubadili mawazo, na nchi ambayo mtu haruhusiwi kuhama chama ni gereza. Lakini aliyevunja ahadi kabla ya muda wake na aliyemaliza muda wake akaondoka si watu wa aina moja. Tukiwaita wote wasaliti, au wote mashujaa, tumelipoteza neno, na siku tutakapolihitaji hatutakuwa nalo.

Julai 2024 Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga, nilimpigia simu yule mzee wa Katandala kumjulia hali. Safari hii zamu ya kuumia ilikuwa yake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mkataba wake na sisi ulikuwa umekwisha?" Nikamjibu ndiyo, ulikuwa umekwisha. "Basi aende salama," akasema. "Ila waliomwacha ufike mwisho bila kumpa mwingine, hao ndio nina maneno nao."