Wimbo wa Jiwe la Kusagia: Jinsi Wakonkani Walivyohifadhi Lugha Yao

Katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, kusini ya mji wa Mumbai ambao zamani uliitwa Bombay, iko nchi nyembamba iliyo kati ya milima na bahari. Ni nchi ya minazi, ya mashamba ya mpunga na ya mito mingi. Lugha ya watu wake ni Kikonkani, na sehemu yake ijulikanayo sana ni Goa. Wazee wa Unguja, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam hawakuwasahau Wagoa waliokuja huku kufanya kazi za ukarani, ushonaji, upishi na muziki. Wengi wao walipokuwa nyumbani walisema lugha hiyo.

Habari za Kikonkani zafaa kuangaliwa na kila mtu apendaye lugha ya wazazi wake. Lugha hii ilikatazwa kwa amri ya serikali, ikakaa muda mrefu pasipo shule wala vitabu vingi, walakini haikufa. Basi na tuulize: ni nani walioishika?

Jibu la kwanza ni wanawake waliosaga nafaka. Zamani katika kila nyumba palikuwa na mawe mawili ya mviringo, moja juu ya jingine, na jiwe la juu lilikuwa na mpini wa mti. Wanawake waliamka kabla ya mapambazuko, wakaketi, wakalizungusha jiwe, na katika kuzungusha wakaimba. Wimbo huo huitwa ovi. Ubeti wake ni mfupi, nao kwa kawaida una mistari minne: mitatu ya kwanza ina vina, na wa nne hukata. Katika beti hizo mama alimtaja mwanawe, bibi arusi aliwakumbuka wazazi aliowaacha, na mwenye uchungu wa ukweni alilieleza jiwe yale asiyoweza kumweleza mtu. Binti alijifunza kwa kumsikiliza mama yake, bila karatasi wala kalamu.

Mwaka 1510 Wareno waliiteka Goa, na baadaye wakaleta dini ya Kikristo. Mahekalu mengi yakabomolewa, na watu wengi wa dini ya Kihindu wakahamia kusini, hata Kanara na Kerala, wakiichukua lugha yao. Lakini si kila mgeni aliyeidharau lugha ya wenyeji. Mwaka 1579 alifika padre Mwingereza wa shirika la Wajesuiti, jina lake Thomas Stephens. Yeye alijifunza lugha za nchi kwa bidii, akatunga utenzi mrefu sana uitwao Kristapurana, wenye beti zaidi ya 10,000, unaosimulia habari za Biblia. Aliutunga katika Kimarathi cha watu wenye elimu, akitia humo maneno ya Kikonkani, na kipimo alichokitumia ni kile kile cha ovi. Utenzi huo ulipigwa chapa huko Rachol mwaka 1616. Padre Stephens alikufa mwaka 1619. Mafundisho ya dini aliyoyaandika kwa Kikonkani yalichapwa mwaka 1622, na sarufi yake ya lugha hiyo mwaka 1640.

Jambo moja latustaajabisha. Kristapurana ilichapwa mara tatu katika karne ile, lakini hakuna hata nakala moja ya chapa hizo ijulikanayo leo. Utenzi ulisalia kwa sababu Wakristo waliunakili kwa mkono, wakausoma na kuuimba, wakawaachia watoto wao. Kwa nakala hizo za mkono ulichapwa tena huko Mangalore mwaka 1907. Kwa hiyo twaona kwamba hata kitabu kilichopigwa chapa chaweza kupotea, kisipokuwa na watu wa kukipenda.

Baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 27 Juni 1684, mtawala aliyekuwa naibu wa mfalme wa Ureno alitoa amri kwamba wenyeji waiache lugha yao katika muda wa miaka mitatu, waseme Kireno peke yake. Tena mwaka 1736, Baraza la Kuchunguza Imani, ambalo lilikuwa na nguvu za kutisha katika Goa, lilikataza desturi nyingi za arusi. Katika mambo yaliyokatazwa zilikuwamo ngoma za wenyeji na zile nyimbo za ovi.

Msomaji na ahesabu. Kutoka 1684 hata 1736 ni miaka 52. Ile miaka mitatu ilikuwa imepita zamani sana, na nyimbo zilikuwa zikiimbwa bado. Kwa maana hakuna akatazaye wimbo usioimbwa. Mbona amri ilishindwa? Kwa sababu wimbo ulikuwa umefungamana na kazi ya kila siku. Serikali yaweza kufunga shule, lakini haiwezi kusimama katika kila nyumba alfajiri kusikiliza mama anaimba nini wakati wa kusaga. Maadamu watu walikula, nafaka ilisagwa. Na maadamu nafaka ilisagwa, Kikonkani kiliimbwa.

Katika karne ya 19 Wakristo wa Goa walikuwa na wimbo mwingine, mando. Mando ni wimbo wa polepole, wa mapenzi na wa huzuni ya kutengana, unaochezwa katika arusi kwa safu mbili za wanaume na wanawake wanaokabiliana. Hupigwa kwa fidla ya Kizungu na gumott, chungu cha udongo ambacho zamani kiliwambwa ngozi ya kenge. Fidla ilitoka Ulaya, chungu kilitoka kwa mfinyanzi wa kijijini, na maneno yalikuwa ya Kikonkani. Hivyo watu walipokea vya wageni bila kutupa vyao.

Ndipo walipotokea watu wa daftari na kalamu. Mreno mmoja, Cunha Rivara, alichapisha upya sarufi ya Padre Stephens mwaka 1857, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha historia ya Kikonkani, akiwalaumu Wareno wenzake kwa kukidharau. Padre Sebastião Rodolfo Dalgado, mwana wa Goa, alitoa kamusi mwaka 1893, na mwaka 1922, ambao ndio mwaka wa kufa kwake, akatoa mkusanyo wa methali. Naye Shenoi Goembab, aliyezaliwa 1877 na kufa 1946, aliandika vitabu vingi ili kuwaonyesha watu wake kwamba Kikonkani ni lugha kamili, wala si Kimarathi kilichoharibika.

Utawala wa Wareno ulikoma mwezi wa Desemba 1961. Tarehe 16 Januari 1967 watu wa Goa walipiga kura: je, nchi yao iunganishwe na jimbo la Maharashtra, au ikae peke yake? Washairi kama Manohar Rai Sardesai walitunga mashairi, waimbaji wakayaimba vijijini, na waliotaka Goa ikae peke yake wakashinda kwa kura zaidi ya 30,000. Mwaka 1975 akademia ya fasihi ya Bara Hindi, Sahitya Akademi, ilikubali kwamba Kikonkani ni lugha yenye fasihi yake. Mwaka 1987 kikawa lugha ya serikali ya Goa, na mwaka 1992 kikaandikwa katika katiba ya nchi. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha wasemaji zaidi ya 2,000,000. Nao huiandika lugha yao kwa namna tano za herufi, kila jamaa kwa herufi ilizorithi.

Lakini kuna msiba uliokuja kimya. Mashine ya kusaga ilifika vijijini. Hakuna aliyeilaumu, kwa kuwa iliwapunguzia wanawake taabu kubwa. Ila jiwe lilipowekwa kando, wimbo wake ulikosa mahali pa kukaa. Yale ambayo amri ya 1684 haikuweza kuyafanya, mashine iliyafanya pasipo kukusudia. Ndiyo sababu wataalamu wa Goa na Mangalore wamekwenda kwa wazee kuzisikiliza beti zile, kuziandika na kuzitia katika vinasa sauti.

Wasomaji wapendwa, jambo hili si la Wakonkani peke yao. Katika vijiji vyetu pia kinu na jiwe vimeachiwa mashine, na wako bibi wanaojua nyimbo ambazo wajukuu wao hawajazisikia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule na kalamu vyatosha kuanza. Andika maneno yote kama yaimbwavyo, andika jina la mwimbaji na kijiji chake, na kazi iliyofanywa wakati wa kuimba; kisha umwombe bibi akufundishe sauti yake, nawe uiimbe.