Shokoa ya Ahera: Uchumi wa Wafu katika Misri ya Kale

Kila taifa lina namna yake ya kuifikiri nchi ya wafu. Wayunani wa kale waliwatia baadhi ya maiti wao sarafu mdomoni, ili wapate nauli ya kumlipa mvushaji wa mto wa kuzimu. Wamisri walikwenda mbali zaidi: waliiwekea ahera mashamba, vibarua, wanyapara na mikataba. Katika makala haya tumekusudia kuuchungua uchumi huo, kwani twaamini kwamba pepo waliyojiwazia watu hutuonyesha mashamba waliyoyalima.

Uhai wa Misri ulitegemea mto Naili, ambao tawi lake moja latoka Ziwa Viktoria pale Jinja. Kila mwaka mto ulifurika, ukajaza tope mifereji na kufuta mipaka ya makonde. Hapo serikali ya firauni iliwaita raia wachimbue mifereji na kuinua kingo. Wito huo ulikuwa wa lazima, na aliyeutoroka aliadhibiwa. Ndiyo kazi ambayo wazee wetu, katika siku za ukoloni, waliijua kwa jina la shokoa.

Basi Mmisri alipoiwaza ahera, aliliona Konde la Matete, nchi yenye maji tele, ambako shayiri hufikia kimo cha dhiraa 5 na ngano dhiraa 7. Walakini nafaka hiyo haikujilima wala kujivuna. Huko nako marehemu aliweza kuitwa kulima, kunywesha makonde, na kuvusha mchanga kutoka mashariki hadi magharibi. Jambo hili lastahili kutafakariwa: watu walioweza kuwaza shayiri ndefu kuliko mtu hawakuweza kuwaza nchi isiyo na shokoa.

Dawa waliyoibuni ni sanamu ndogo iitwayo shabti, ambayo baadaye jina lake lilichukuliwa kuwa na maana ya "mwitikaji". Ilichongwa kwa mbao au mawe, au ilifinyangwa kwa mchanga uliochomwa ukang'aa rangi ya buluu. Nyingi zilishika majembe, na vikapu mgongoni. Marehemu alipoitwa kazini, sanamu iliitika kwa niaba yake. Waswahili husema, "Kataa neno, usikatae wito." Tajiri wa Misri hakukataa neno wala wito, alimtuma mwingine.

Hapo mwanzo sanamu moja ilitosha. Karne zilivyopita idadi ikazidi, hata ikawa desturi kuwa na 365, moja kwa kila siku ya mwaka, pamoja na wanyapara 36 wenye viboko, mmoja kwa kila kumi. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, zilikutwa 413. Taharqa, mfalme wa Kushi aliyeitawala Misri pia, alizikwa Nuri katika Sudan pamoja na zaidi ya 1,000. Imesalia hata hati ya mafunjo ambamo fundi akiri kupokea fedha kwa sanamu 401, kisha aziagiza ziende upesi kumtumikia marehemu kila aitapo. Maskini naye alipata moja au mbili, za kazi duni, au hakupata kitu.

Lakini wafu walihitaji pia mkate na pombe, na hivi vilitoka kwa walio hai. Liwali mmoja wa Asyut, Hapidjefai, aliyeishi zama za Senusret I katika karne ya 20 K.K., alichonga mikataba 10 katika ukuta wa kaburi lake. Twaweza kuiita wakfu. Aliwapa makuhani ardhi na mapato, nao wakaahidi kumletea mikate, pombe na tambi za taa katika sikukuu. Alikuwa mwangalifu sana: alitenga mali ya urithi wa baba yake na mali ya cheo, na mapato ya hekalu aliyahesabu kwa siku, kila siku moja ikiwa sehemu ya 360 ya pato la mwaka. Na chakula hakikupotea bure, maana sadaka iliyokwisha kutolewa ililiwa na makuhani wenyewe.

Hapa ndipo ulipokuwa udhaifu wa uchumi huo. Mfu hawezi kumshtaki mdeni wake. Mafundi waliochimba makaburi ya wafalme karibu na Thebes walilipwa nafaka, magunia 4 ya ngano na gunia 1 na nusu la shayiri kwa mwezi, kwa kipimo chao. Katika mwaka wa 29 wa Ramses III, yapata 1157 K.K., posho ilichelewa. Mafundi wakaacha zana, wakaketi nyuma ya hekalu, wakisema wana njaa na kiu. Huo ndio mgomo wa kale zaidi ambao habari zake zimetufikia kwa maandishi. Na katika zama za Ramses IX, yapata 1110 K.K., mwashi mmoja alikiri mahakamani kwamba yeye na wenzake walivua dhahabu katika kaburi la mfalme, deben 160, yaani yapata kilo 14 na nusu, wakagawana watu 8. Alipokamatwa, alimhonga karani fungu lake akaachiliwa, na wenzake wakamgawia tena. Hivyo akiba ya ahera ikarudi sokoni.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwalimu asomeshapo historia ya Misri asiishie kwenye ukubwa wa mapiramidi. Awaulize wanafunzi nani alilima Konde la Matete, alilipwa nini, na kiboko kilikuwa mkononi mwa nani. Wakikwisha kujibu, wataweza kuyauliza maswali hayo hayo juu ya kila nchi ya neema watakayoahidiwa.