Mlango Unaogongwa: Wazee Wetu na Historia ya Kutunzana Nyanda za Juu Kusini

Manung'uniko ya kwanza tunayoyasoma ndani ya Kanisa la Yerusalemu hayakuhusu mafundisho ya imani. Yalihusu chakula. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatusomi kwamba kuna aliyewapiga, wala aliyewafukuza. Walirukwa tu. Chakula kiligawiwa, siku ikapita, na wao hawakupata.

Mitume hawakujibu kwa kuhubiri juu ya upendo. Waliita mkutano, watu saba wakachaguliwa, wakaombewa na kuwekewa mikono, kisha wakakabidhiwa kazi. Majina yote saba yameandikwa, na yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kwamba kazi hiyo walipewa watu wa upande uleule uliokuwa ukilalamika.

Sisi Wakristo wa Mbeya na Iringa tunahitaji kuisoma sura hiyo kwa makini. Wako wazee wetu waliolala katika nyumba za kutunzia wazee, na wako wengi zaidi waliolala katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mtoto au mjukuu. Tumezoea kusema kwamba kumtunza mzee ni jadi yetu, na kumtelekeza ni tabia ya kigeni. Lakini historia yetu inafundisha jambo zito kuliko hilo: wahenga wetu waliwatunza wazee kwa mpangilio, siyo kwa huruma peke yake. Mpangilio ulipovunjika, huruma haikutosha.

Mpangilio wa zamani

Tuangalie Unyakyusa. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti huko kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu chake cha mwaka 1951 kilieleza vijiji vya rika. Vijana wa kiume wa umri mmoja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao pembeni. Kwa hiyo picha tuliyo nayo ya babu, baba na mjukuu chini ya paa moja siku zote haikuwa hivyo kila mahali. Baba na mwana waliweza kuishi vijiji tofauti.

Je, wazee waliachwa? Hapana. Vijana hao waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na walikwenda kwa makundi kula katika nyumba za mama zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mlango wa mzazi ulifunguliwa kila siku na mtu mwenye sababu ya kuingia. Mzazi aliyeugua asingekaa siku tatu bila kujulikana, kwa kuwa vijana wenye njaa wangefika na kukuta jiko limezima. Ulinzi wa mzee ulikuwa katika miguu ya wanaomwendea.

Barabara, reli na makaburi

Kisha miguu hiyo ikaenda mbali. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta vijana wengi katika miaka ya 1920 na 1930. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakafika Afrika Kusini. Wabena na Wakinga walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Reli ya TAZARA ilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, safari ya kutoka Mbeya na Makambako kwenda Dar es Salaam ikawa rahisi zaidi. Hatuwalaumu waliosafiri. Wengi walituma fedha, na fedha hizo zilijenga nyumba za bati na kulipa karo. Ila fedha haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani, wala haiwezi kuona kwamba mama amekonda.

Baada ya hapo likaja pigo la UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba mkoa wa Iringa, uliokuwa bado na Njombe ndani yake, ulikuwa na kiwango cha maambukizi cha asilimia 15.7, cha juu kuliko mikoa yote nchini. Waliokufa ni wale hasa ambao wangekuwa wakiwatunza wazazi wao. Bibi aliyetegemea kulelewa akajikuta analea tena, akiwa na wajukuu wanne na jembe moja. Leo bibi huyo, akiwa bado hai, ana miaka themanini na zaidi. Tukiuliza kwa nini hana mtu, tusikimbilie kusema kwamba watoto siku hizi hawana adabu. Huenda watoto wake wako makaburini.

Nyumba za wazee

Nyumba za kutunzia wazee nchini mwetu nyingi zilianza kwa watu waliokosa pa kwenda. Baadhi, kama Bukumbi mkoani Mwanza, zina asili ya makazi ya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, inasema kwamba jukumu la kwanza la matunzo ni la familia na jamii, na kwamba kumpeleka mzee kwenye makazi iwe hatua ya mwisho. Msimamo huo ni mzuri, lakini una hatari yake. Mahali panapoitwa pa mwisho ni rahisi kupasahau. Ndugu wakishamfikisha mzee pale, hujiona wamemaliza. Sharika nazo hufika Krismasi na sabuni, sukari na mablanketi, hupiga picha ya pamoja, kisha hurudi mwaka unaofuata.

Wala tusidhani kwamba fedha pekee ingetibu jambo hili. Katika nyumba moja ya wazee ya binafsi, Résidence Herron, karibu na mji wa Montreal nchini Kanada, wazee walilipa ada kubwa kila mwezi. Machi 2020, kwa hofu ya korona, serikali ya jimbo la Quebec ilizuia ndugu kuingia katika nyumba za wazee. Ndani ya wiki chache wafanyakazi wengi wa nyumba hiyo hawakuonekana tena kazini, na maofisa wa afya walipoingia walikuta wazee wenye njaa na kiu, wengine katika uchafu wao. Makumi ya wakazi wake walifariki majira hayo. Nchi tajiri, yenye sheria na wakaguzi, iliona yale ya Yerusalemu yakijirudia. Mlango ulipofungwa kwa wageni, wazee wakarukwa.

Dalili za kuangalia

Anayekwenda kumtembelea mzee aende na macho yaliyofunguka. Je, nguo zinampwaya kuliko mwezi uliopita? Midomo imekauka? Maji yako mahali anapoweza kuyafikia, au yako mezani ng'ambo ya chumba? Godoro na blanketi vinanuka mkojo? Ana vidonda mgongoni, kiunoni au kwenye visigino kwa kulala upande mmoja? Fimbo yake, miwani yake na dawa zake viko wapi? Mwezi Juni na Julai, baridi ya Iringa na Mbeya inapouma, ana nguo nzito, au amesogezwa karibu na moto mpaka anaungua? Akiulizwa jambo, anajibu mwenyewe, au humtazama kwanza anayemtunza? Mwenye pensheni, nani anaipokea na inanunua nini?

Dalili moja si hukumu. Mzee anaweza kukonda kwa ugonjwa hata akilishwa vizuri, na mwenye kupoteza kumbukumbu anaweza kusema hajala ilhali sahani bado ina mvuke. Mtunzaji naye anaweza kuwa mjukuu wa miaka kumi na mitano, au mhudumu mmoja aliyeachiwa watu wengi usiku kucha. Kwa hiyo tuulize kabla ya kulaumu. Lakini dalili zikiwa mbili au tatu, na zikirudi wiki inayofuata, kunyamaza siyo upole tena.

Tufanye nini

Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini, yatima na wazee wasiojiweza, na Martin Luther akauandikia dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, na wasimamizi kumi walichaguliwa kutoka makundi yote ya mji, wakiwemo wakulima. Hawakusema tu kwamba kila Mkristo apende maskini. Waliweka watu, funguo na hesabu.

Nasi tunaweza kuanza hapo. Baraza la wazee wa kanisa liandike majina ya washarika wote wasioweza kufika ibadani, waliomo katika nyumba za wazee na waliomo majumbani. Kila jina lipewe watu wawili na siku yao, na mara nyingine wafike bila kutoa taarifa. Mchungaji au mwinjilisti anapopeleka Chakula cha Bwana kwa wagonjwa, akae hata baada ya ibada, amsikilize mzee faragha.

Tukiona hatari ya maisha, hospitali kwanza, maneno baadaye. Pasipo hatari ya haraka, tuzungumze na mtunzaji kwa heshima, tukimwuliza anahitaji nini. Mara nyingi jibu litakuwa kupumzishwa siku moja kwa wiki, na hilo umoja wa wanawake na vijana wanaliweza. Tuandike tulichokiona pamoja na tarehe. Hali isipobadilika, tumwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na uongozi wa kijiji au mtaa ujue. Penye kupigwa, kufungiwa au kuibiwa, tupeleke habari polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Tusisambaze picha za mzee kwenye simu zetu. Uchi wake siyo ushahidi wa mitandaoni. Wala tusimhamishe bila kumwuliza, maana kuwa mzee hakumwondolei mtu kauli juu ya maisha yake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya serikali. Ni kweli, serikali ina wajibu wake: Katiba yetu, ibara ya 11, inataja haki ya hifadhi ya jamii wakati wa uzee na maradhi. Lakini Marko sura ya 7 inatukumbusha jinsi Bwana Yesu alivyowakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Sadaka ya jengo jipya la kanisa ni njema. Ikiwa imetolewa na mtu ambaye mama yake amelala na njaa, Bwana ameshasema anavyoiona.

Wale saba wa Yerusalemu walipoanza kazi, Maandiko yanasema neno la Mungu likazidi kuenea. Luka hakutenganisha mambo hayo mawili. Basi katika mkutano ujao wa usharika, kabla ya taarifa ya ujenzi, isomwe orodha ya wazee wasiotembelewa, na kando ya kila jina liandikwe jina la mtu atakayegonga mlango wiki hiyo.