Chuma cha Mbinguni na Jukwaa la Ngomeni

Leo, katika masomo yetu ya historia, tutasimulia jinsi watu walivyopata kujua kwamba mbali sana mbinguni mna chuma, na jinsi walivyowasha moto wa huko ndani ya chumba ili wausome vizuri. Sehemu kubwa ya habari hii ilianzia jirani, katika pwani ya Kenya.

Sisi wa Mkula twaijua eksirei kuwa ni kitu cha hospitali: nuru isiyoonekana kwa macho, ipenyayo nyama ikaonyesha mfupa. Basi, gesi ikipata joto la mamilioni ya digrii hutoa nuru iyo hiyo. Atomu zake hugongana kwa nguvu mpaka elektroni zikabanduka. Gesi ya namna hii huitwa plazima. Lakini hewa yetu huizuia eksirei ya mbinguni isifike chini. Jambo hilo ni rehema, maana ingetudhuru. Tena ni pazia. Atakaye kuiona hana budi kupanda juu ya hewa.

Mwezi Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko Marekani, wakagundua eksirei itokayo nje kabisa ya jua letu na sayari zake. Roketi ile ilikaa juu dakika chache tu. Ikatakiwa setilaiti, nayo yapasa irushwe karibu na ikweta. Kwa nini? Kwanza, hapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi. Pili, njia ya juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe za angani zinazovuruga vipimo.

Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco, limesimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyofanywa kwa kazi ya eksirei ya mbinguni peke yake. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, nayo setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, nayo ikarushwa kutoka jukwaa lile lile. Setilaiti hii ilitazama kundi kubwa la galaksi liitwalo Perseus. Mwaka 1976 wataalamu wakatangaza kwamba katika eksirei ya gesi yake wameona alama ya chuma.

Walijuaje? Mfugaji huitambua ng'ombe wake kwa chapa, hata akiwa katikati ya kundi la watu wengine. Vivyo hivyo kila elementi ina chapa yake. Nuru ikipambanuliwa, kama mvua inavyoipambanua nuru ya jua kuwa upinde, huonekana mistari; na mistari ya chuma si ya kalisi. Lakini chuma kina elektroni 26, na kila kinapopoteza moja, chapa hubadilika. Ni lazima pawe na daftari la chapa zote, na daftari hilo haliandikwi mbinguni. Huandikwa hapa chini.

Kwa hiyo mwaka 1986, huko Livermore, California, kilitengenezwa chombo ambacho hubana mshale wa elektroni kwa sumaku kali. Mshale huo hugonga atomu chache zilizonaswa, ukazivua elektroni zake. Hapo mtaalamu huamua mwenyewe nguvu ya mshale, kisha akapima eksirei inayotoka.

Kazi hii si rahisi. Chuma kilichobakiwa na elektroni 10 kina mistari miwili mashuhuri, na kwa miaka mingi hesabu za nguvu zake hazikupatana na vipimo. Mwaka 2012 jaribio lililofanywa Marekani lilionyesha kwamba hesabu ndizo zenye kasoro. Mwaka 2022 kipimo safi zaidi, kilichofanywa Hamburg, Ujerumani, kikakubaliana na hesabu. Ndiyo kusema mzani wenyewe nao hupimwa. Mzani ukikosea, joto la nyota na kiasi cha chuma chake vitakosewa pia.

Na chuma kile kina maana gani kwetu? Ulimwengu ulipoanza haukuwa na chuma. Kilipikwa ndani ya nyota, nazo zilipolipuka kikatawanyika. Chuma cha Perseus, cha jembe lako na cha damu yako vilipatikana kwa njia moja.

Katika vikundi vyenu, jadilianeni: kwa nini haikutosha kutazama mbinguni tu, bila ya kupima duniani? Kwaherini mpaka somo lijalo.