Umbali Usiofichika

Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson wa maabara ya Xerox PARC, California, walichapisha makala iliyoeleza jinsi programu inavyoweza kuita kazi iliyo kwenye kompyuta nyingine kama inavyoita iliyo ndani yake. Wakala wa upande wa mwitaji hufungasha data, huituma mtandaoni na kungoja. Wakala mwenzake ng'ambo hufungua mzigo, huita kazi yenyewe na kurudisha jibu. Ufundi huu husifiwa kwamba umeufuta umbali. Historia yake yasema vingine: waliojaribu kuuficha umbali walijikuta wakiurudisha. Birrell na Nelson wenyewe waliweka hitilafu maalumu ya kumjulisha mwitaji kwamba mawasiliano yamekatika. Tamaa ilizidi baadaye, pale CORBA, kanuni iliyotoka mwaka 1991, ilipotaka objekti iitwe namna ileile, iwe karibu au mbali.

Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake watatu wa Sun Microsystems waliipinga imani hiyo kwa waraka mkali. Ili kuiona hoja yao, tuchukue agizo la kutoa fedha kwenye akaunti. Jibu lisiporudi, mwitaji hajui kama agizo lilipotelea njiani, au fedha zilishatoka na kilichopotea ni jibu. Akirudia, huenda akakata mara mbili. Akiacha, huenda asiwe amekata kabisa. Hakuna wakala, hata awe hodari vipi, awezaye kuiondoa shaka hiyo. Ann Wollrath, mmoja wa waandishi hao, alikuwa pia miongoni mwa wasanifu wa Java RMI, njia ya lugha ya Java ya kuita kazi za mbali, iliyotoka mwaka 1997: humo kila methodi ya mbali lazima itangaze hitilafu ya RemoteException, na kompaila huikataa programu inayoipuuza.

Mtetezi wa CORBA atasema nayo ilizijua hitilafu, na ni kweli: ilikuwa hata na hali iitwayo COMPLETED_MAYBE, yaani huenda kazi imekamilika. Ila hakuna aliyelazimishwa kuishughulikia. Wengine watadai sharti la Java lilizaa uvivu tu, watu wakidaka hitilafu na kuacha mabano matupu pasipo kuishughulikia. Hilo lilitokea, tena sana. Lakini mabano matupu mkaguzi wa programu huyaona. Wito wa mbali uliovaa sura ya wito wa kawaida humpita. Hata gRPC, njia nyingine ya kuita kazi za mbali iliyotolewa na Google mwaka 2015, haiufichi umbali: humwachia mwitaji aweke ukomo wa kungoja, na maelezo ya msimbo wake wa DEADLINE_EXCEEDED yanaonya kwamba unaweza kurudishwa hata kama kazi imeshafanikiwa.