Fishingi ya Kripto: Vile Wakora Hukuosha Dakika Ile Tokeni Mpya Inafunguliwa

M-Pesa imetuzoesha vizuri mpaka ikatuharibu. Ukituma doh, jina la mpokeaji linatokea kwa skrini kabla itoke. Ulitaka kumtumia Wanjiku na imeleta Otieno? Unasimamisha. Hata ikishapita, bado unaweza kufowadi ile meseji kwa 456 na uombe Mungu msee mwenye ameipata asiwe ameshaitoa kwa ejenti.

Kripto haina hizo vitu zote mbili. Anwani ya Ethereum ni 0x, halafu herufi na namba 40 zimefuatana. Haina jina. Haina kastoma kea. Ukituma, imeenda, na hakuna bosi mahali popote mwenye anaweza kuirudisha. Hapo ndipo mchezo wote wa fishingi ya tokeni mpya unakaa. Mkora hahitaji kuvunja blokcheni, anahitaji tu ukopi anwani yake ukidhani ni ya kampuni. Ama ubonyeze kitufe kwa tovuti yake ukidhani uko kwa ile ya ukweli.

Kama una mpango wa kuingia tokeni yoyote ikitoka, soma hii kwanza. Doh ya deposit ya keja ama ya fees ikienda hivyo, haitarudi juu umeandika uzi ya kulia kwa X.

Mbona wanangoja siku ya uzinduzi?

Juu siku hiyo hakuna mtu anafikiria. Mwaka wa 2017, wakati mauzo ya kwanza ya tokeni yalikuwa yanaitwa ICO na kila msee anataka kuomoka, tokeni ya BAT ya watu wa brauza ya Brave ilifunguliwa tarehe 31 Mei na ikauza dola milioni 35 kwa chini ya sekunde 30. Hapo hujamaliza hata kufungua sacheti ya kahawa. Kila mtu mwenye alikosa alijifunza somo mbaya: safari ijayo ni kukopi, kupaste na kutuma, maswali baadaye.

Halafu kulikuwa na hii nyingine ya kushangaza. Kampuni nyingi zilikuwa zinaficha anwani ya kupokea doh mpaka dakika ya mwisho, ati ndio wakora wasiwahi kutengeneza feki. Lakini fikiria hiyo kidogo. Kama hakuna mtu ameona anwani ya ukweli, basi hakuna mtu anaweza kujua ya uongo. Ile ya kwanza kuonekana ndiyo inaaminika.

CoinDash: tovuti sawa, anwani mbaya

Tarehe 17 Julai 2017, kampuni ya Israel inaitwa CoinDash ilifungua mauzo ya tokeni yake. Anwani ikawekwa kwa tovuti, watu wakaanza kutuma. Dakika chache tu baadaye, mdukuzi aliingia kwa ile tovuti na akabadilisha kitu moja pekee: anwani. Hakugusa rangi wala logo. Hata maelezo aliacha vile yalikuwa. Alitoa ule mstari wa herufi, akaweka wake.

Takriban dola milioni 7 zikaingia kwake. Kwa bei ya siku hizo hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 700 za Kenya. Kampuni ilizima tovuti na ikaanza kupiga kelele watu wasitume, na bado kuna wenye waliendelea kutuma, juu walikuwa tayari wamekopi.

Sasa angalia hao watu vizuri kabla uwacheke. Waliingia tovuti yenyewe. Waliandika jina sawa, hawakubonyeza linki ya kuokota kwa Telegram. Walifanya karibu kila kitu wataalamu hukuambia ufanye, na bado waliingia box. Kitu hawakuwa nacho ni mahali pa pili pa kuhakikisha. Kama anwani ingekuwa pia kwa akaunti nyingine ya kampuni, iliyolindwa na paswadi tofauti, msee angelinganisha herufi sita za kwanza na sita za mwisho na ashtuke.

Hiyo stori iliisha kwa njia ya ajabu. Septemba mwaka huo huo mdukuzi alirudisha ETH 10,000, halafu Februari 2018 akarudisha zingine 20,000. Bei ya ETH ilikuwa imepanda sana katikati, kwa hivyo hizo 20,000 pekee zilikuwa na thamani ya karibu dola milioni 17, zaidi ya mara mbili ya zile dola zilizoibwa. Usiifanye iwe matumaini yako. Mwizi kurudisha ni kitu unaweza kungoja maisha yako yote.

Walijifunza kutoka hapo. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 21 Agosti 2017, ilikuwa zamu ya Enigma, mradi uliotoka kwa wasomi wa MIT kule Marekani. Uzinduzi wao ulikuwa upangwe Septemba 11. Wakora hawakungoja. Walishika tovuti, orodha ya barua pepe na akaunti za maadmini kwa Slack ya kampuni, halafu wakatangaza ati mauzo ya mapema yamefunguliwa leo. Karibu dola 500,000 zikaenda. Hapa hata ile dawa yangu ya kulinganisha sehemu mbili ingekuangusha, juu sehemu zote tatu zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kilichobaki kukuokoa ni kalenda. Kampuni ilisema Septemba, sasa hii haraka ya Agosti imetoka wapi?

Halafu Bee Token. Mauzo yao yalianza tarehe 31 Januari 2018, na ndani ya siku moja hivi wakora walikuwa wamekusanya karibu dola milioni moja kwa barua pepe tu. Barua zilikuwa na anwani ya kutuma, ahadi ya bonasi, na uongo mtamu kwamba kampuni imeungana na Microsoft. Ukiona kampuni ndogo imepata ndoa na kampuni kubwa ghafla, tena habari hiyo iko kwa inboksi yako peke yake, hiyo harusi haiko.

Linki ya kwanza kwa Google pia inaweza kuwa ya mkora

Hii wengi hawaijui. Februari 2018, watafiti wa Cisco Talos wakishirikiana na polisi wa mtandao wa Ukraine walieleza kuhusu kundi walilolipa jina CoinHoarder. Hawa hawakutuma barua hata moja. Walinunua matangazo ya Google, ndio ukitafuta waleti ya blockchain.info, tovuti yao feki ikae juu kabisa, na jina limebadilishwa herufi moja ama limeongezwa kistari. Kwa miaka mitatu walikula zaidi ya dola milioni 50. Na kati ya nchi walizolenga, Talos walitaja Nigeria na Ghana. Kwa hivyo ile dhana ya ati wakora wa kripto wanatafuta Wazungu matajiri tu, iweke kando.

Kuna nyingine mbaya zaidi. Aprili 24, 2018, watu waliandika jina la tovuti ya MyEtherWallet sawa kabisa, kwa mkono, na bado wakapelekwa kwa tovuti ya wakora, juu wakora walikuwa wamegeuza njia za intaneti zenyewe. Karibu dola 150,000 zikaibwa. Lakini kulikuwa na alama moja: brauza ilileta onyo kwamba cheti cha tovuti si cha kuaminika. Wenye walipigwa ni wale walibonyeza "endelea". Hilo onyo jekundu ambalo wewe hulipita kama hoka wa River Road, hapo ndipo linafanyanga kazi.

Siku hizi hawataki utume. Wanataka usaini

Mchezo umebadilika. Leo unapata linki ya tokeni mpya ama eadropu, unafungua, unaambiwa uunganishe waleti yako, halafu MetaMask inaleta kidirisha cha kusaini. Hujaombwa paswadi. Hujaombwa yale maneno 12 ya siri. Unaona iko salama, unabonyeza.

Kitu umesaini mara nyingi ni ruhusa. Kwa Ethereum, tokeni zina kazi inaitwa approve: unaruhusu anwani nyingine itoe tokeni zako bila kukuuliza tena, na inaweza kuwa bila kikomo. Ni kitu ya kawaida, masoko ya kubadilisha tokeni huitumia kila siku. Mkora anaiomba tu kwa jina lake. Kuna aina nyingine inaitwa permit, na hiyo ni hatari zaidi juu ukisaini hulipi hata ada, kwa hivyo hakuna kitu inaonekana imetendeka. Unalala. Asubuhi waleti ni jangwa.

Hizi programu za kunyonya waleti zinauzwa kama biashara. Inferno Drainer, moja ya zile kubwa, ilikuwa inakodisha mitambo yake kwa wakora wengine na kuchukua asilimia 20 ya kila walichoiba, mpaka ilipotangaza kufunga Novemba 2023. Kampuni ya Scam Sniffer ilihesabu kwamba mwaka huo wa 2023 programu za namna hii ziliiba karibu dola milioni 295 kutoka kwa waathiriwa kama 324,000. Mwaka wa 2024 ilipanda hadi dola milioni 494.

Na tiki kwa X si kinga. Septemba 2023 akaunti ya Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum mwenyewe, ilitekwa na ikaposti linki ya zawadi ya bure. Wafuasi walipoteza takriban dola 691,000. Baadaye alisema wezi waliipata kwa kubadilisha laini yake ya simu. Mkenya hapo haitaji kuelezewa, SIM swap tunaijua kuliko jirani. Kama uko Safaricom na hujafunga laini yako kwa *100*100#, fanya hiyo kabla umalize kusoma.

Sasa unaingia aje bila kuoshwa?

Tengeneza waleti mpya ya uzinduzi huo pekee na uweke ile doh unataka kutumia, basi. Hii moja inashinda ushauri mwingine wote, juu hata ukisaini upuzi, mkora anapata elfu tano na si akiba yako yote. Jina la tovuti lihifadhi kwa brauza wiki kadhaa kabla, wakati hakuna presha, na siku yenyewe uingie kwa hapo tu. Anwani ya kontrakti itafute kwa njia mbili zisizotegemeana. Kidirisha cha kusaini kikikuja, soma ni ruhusa gani na ni ya kiasi gani. Admini akikuja inboksi yako kwanza, huyo si admini.

Kuna tabia moja ya M-Pesa usiibebe huku: kutuma soo moja kwanza ya kujaribu. Kwa fishingi ile soo itafika vizuri kabisa. Itafika kwa mwizi.

Kama umeshasaini, kimbia. Hamisha kila kitu kimebaki kwa waleti mpya, halafu ufute ruhusa kupitia Revoke.cash ama kurasa za ruhusa za Etherscan. Kama ulitoa maneno ya siri, kufuta ruhusa haitakusaidia, hiyo waleti imekufa. Piga skrinshoti za kila kitu, weka namba ya muamala, upeleke DCI. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inatambua fishingi kama kosa, faini hadi KSh 300,000 ama miaka mitatu ndani. Tangu 2025 pia kuna sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, chini ya CBK na CMA, lakini hiyo inashika kampuni zinazotafuta leseni. Mkora hapangi foleni ya leseni.

Na ukishaandika mahali kwamba umeibiwa, kuna mtu atakuja inboksi ndani ya saa chache. Atajiita mtaalamu wa kurudisha kripto, atakuwa na shuhuda za watu wamerudishiwa, na atataka ada kidogo ya kuanza ama yale maneno yako 12 ndio "afungue" waleti. Mara nyingine ni mkora yule yule wa kwanza. Mblock.