Nyumbu wa Kibaha na usaili wa spana tatu

Kwetu Suguti ukitamka nyumbu, mtoto atakunyooshea kidole upande wa Serengeti. Ukilitamka Kibaha, mkoani Pwani, utaelekezwa kwenye karakana ya jeshi. Kamusi nazo zina la kwao: nyumbu ni chotara wa farasi na punda. Maana hii ya tatu ndiyo hunijia nikisoma historia ya magari ya Afrika Mashariki, kwa sababu mengi tuliyoyaita yetu yalikuwa chotara.

Kibaha hiyohiyo ilijaribu njia mbili. TAMCO iliunganisha malori ya Scania: vipande vinatoka nje, vijana wetu wanavifunga, lori linatoka na jina la Msweden. Nyumbu ilikuwa habari nyingine. Shirika lake liliundwa rasmi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alipong'atuka urais. Lilitakiwa kubuni lori la Kitanzania. Tusilione kuwa wazo la majivuno. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zimekauka, malori yamelala kwa kukosa vipuri. Ukikosa kipuri kimoja cha kuagiza, pamba ya msimu mzima inabaki ghalani.

Mzee mmoja wa huku kwetu alifunga magari katika kiwanda kimoja cha kuunganisha miaka ya themanini. Nilimuuliza kuhusu usaili wake.

"Mwanangu, cheti walikitupia jicho tu. Wakaniwekea nati moja na spana tatu, wakasema chagua. Nikachagua bila kujaribisha."

Akapata kazi. Na kazi yenyewe je?

"Boliti zilezile, upande uleule. Magari nimefunga mengi sana. Kuunda, hata moja sijaunda."

Alisema hivyo bila uchungu, akaendelea kushona wavu wake. Mimi ndiye nilibaki nalo.

Maana si jambo la Kibaha peke yake. Henry Ford alipoanza kuunganisha magari kwa mkanda unaotembea pale Highland Park, Michigan, mwaka 1913, wafanyakazi walikimbia kwa wingi, kila siku wanaajiriwa wengine. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya uliokuwapo. Watu wakajaa getini. Ila dola hizo zilikuwa na masharti: wakaguzi wa kampuni walikuja hadi nyumbani kuuliza kama unalewa, kama unaweka akiba, kama nyumba ni safi. Yaani umeshapata kazi, na usaili bado unakufuata chumbani!

Kenya nao walijaribu kuunda. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari, hata likiwa na sura mbaya. Kufikia 1990 yalikuwapo matano ya mfano, yaliyopewa jina la Nyayo, yakaweza mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana. Watu huyacheka mpaka leo, eti magari matano! Mimi siyacheki. Fundi aliyesumbuka na gari moja tangu mchoro hadi barabarani anajua kitu ambacho mzee wangu hakupewa nafasi ya kukijua kwa magari yote aliyofunga.

Kwetu, mwaka 1986 serikali ilikubaliana na IMF, na milango ya biashara ikaanza kufunguka. Baadaye magari yaliyotumika Japani yakamiminika kwa bei ambayo lori la majaribio lisingeweza kushindana nayo. Nyumbu hawakufungwa, wapo Kibaha hadi leo, na wameunda hata gari la zimamoto.

Vijana wa Suguti wanaomaliza VETA huniuliza viwandani wanauliza maswali gani, kwa kuwa mimi mwandishi nadhaniwa najua kila kitu. Huwatajia spana tatu, wanacheka. Dagaa wetu anasafirishwa na Fuso kuukuu, na mafundi wanaozifufua Fuso hizo wamejifunzia chini ya mwembe. Gia ikivunjika na kipuri hakipo Musoma mjini, wanachonga.